Stempu Inasema 21, Mashine Inasema 18

Binti Sonara wa Ngamiani, Tanga, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mshauri. Mara ya pili niliisoma kama mwanamke mwenye bangili tatu sandukuni, na nilipofika mwisho niliinuka, nikazitoa, nikavaa miwani nikaanza kutafuta stempu. Kwa hiyo usidhani uko peke yako. Umeshanitia wasiwasi na mimi.

Kwa wasomaji ambao hawakuiona barua, mambo yako hivi. Baba yake binti huyu alikuwa sonara. Amefariki, mama ametoka eda, na binti, aliye mtoto pekee, amekabidhiwa duka alilokuwa akilifagia tangu ana miaka tisa. Mwezi huu bi mkubwa wa mtaa wa pili amekuja na bangili nne, gramu 48 zote pamoja, alizofuliwa na marehemu. Anaziuza apate kumlipia mjukuu wake upasuaji. Ndani ya kila bangili kuna stempu ya 21. Binti akampa stakabadhi, akazituma Dar es Salaam kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, na mashine ikasoma 18. Ami yake, aliyekaa mbele ya meko ya duka hilo tangu binti hajazaliwa, ametoa fatwa yake: mwambie dhahabu imelika kwa kuvaliwa, mlipe ya 18. Ukiona haya, mlipe ya 21, lakini funga mdomo, maana jina la marehemu halifukuliwi. Na binti anauliza: nilinde jina la baba, au nimwambie mteja?

Mwanangu, la ami tuliondoe mezani kwanza kwa sababu ni jepesi. Dhahabu huvaliwa ikapungua uzito. Karati haivaliwi. Bangili zilizosuguana mkononi miaka thelathini huacha gramu zake njiani, lakini zilizobaki ni dhahabu ileile, na kama ilikuwa 21 siku ya harusi basi ni 21 leo. Ami yako analijua hili kuliko mimi na wewe. Alichokupa ni maneno ya kumwambia mtu asiyejua, naye bi mkubwa ana wajukuu wenye simu. Atajua kabla ya magharibi.

Halafu tupige hesabu, maana "18 badala ya 21" husikika kama jambo dogo. Karati 21 ni sehemu 21 za dhahabu safi katika 24, yaani asilimia 87.5. Karati 18 ni asilimia 75. Katika gramu 48 za bi mkubwa, stempu inaahidi gramu 42 za dhahabu safi. Mashine imeona 36. Zilizokosekana ni gramu 6, na hizo zinatosha kufua pete mbili za ndoa za karati 18, gramu nne kila moja. Ukikaa naye usimwambie kuna "tofauti kidogo". Mwambie pete mbili.

Sasa baba. Umeandika kwamba huna ushahidi kuwa alikuwa mwizi, wala huna ushahidi kuwa hakuwa, na kwamba sentensi hiyo inakuamsha saa nane za usiku. Basi nikuulize swali la kifundi: bangili zilipimwa wapi? Sisemi mji, nasema sehemu gani ya bangili. Barua haielezi. Bangili kuukuu ina mgongo, ina kifungo, na ina maungio yaliyoshikishwa kwa lehemu. Lehemu ni lazima iyeyuke kabla ya bangili yenyewe, la sivyo fundi angeyeyusha kazi yake yote, kwa hiyo huongezwa shaba, fedha au zinki, na karati yake hushuka. Mashine ile ya mionzi ikilengwa kwenye ungio itasoma chini hata kama mgongo ni 21 kamili. Zirudishe zikapimwe mgongoni, kwenye kifungo na kwenye ungio, kila moja ya nne, uandike namba zote kumi na mbili. Mgongo ukisoma 21, tuna habari ya lehemu tu, na usiku wa leo utalala.

Lakini usijifariji mapema. Mashine hiyo huona ngozi ya juu tu. Na sonara akimaliza kazi huichemsha kwenye tindikali. Tindikali hula shaba ya juujuu na kuacha ngozi iliyo tajiri kuliko nyama. Ndiyo maana kwa kazi za zamani, mashine ikikosea mara nyingi hukosea kwa kupendelea. Ukitaka neno la mwisho, kipande kidogo kikatwe na kupimwa kwa moto, ila omba ruhusa ya mwenyewe kabla hujakata. Hujamlipa bado, bangili ni zake.

Na mgongo nao ukisoma 18? Hata hapo sitamwita baba yako mwizi. Watu walikuwa wakimletea chakavu zao: mkufu uliokatika wa shangazi, hereni moja iliyopoteza mwenziwe, pete ya mchumba aliyekimbia. Vyote viliingia chungu kimoja cha kuyeyushia, na kilichotoka kikapimwa kwa jiwe, tone la tindikali na jicho. Jicho la saa nne asubuhi si jicho la saa kumi na moja jioni siku mbili kabla ya Idi, wateja wamejaa barazani. Huenda alijua, huenda hakujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ni ami yako. Muulize mkiwa wawili, mlango umefungwa, bila kumtisha. Muulize walikuwa wakigonga stempu kabla ya kupima au baada. Jibu lake litakuambia mengi kuliko mashine.

Kuhusu stempu yenyewe nadhani umeipa heshima isiyo yake. Stempu ni kipande cha chuma kinachogongwa kwa nyundo. Hakina akili ya kukataa. Waingereza waliliona hili zamani. Mwaka 1300, enzi za Mfalme Edward I, sheria yao ilikataza chombo cha fedha kitoke mikononi mwa sonara kabla wasimamizi wa chama cha masonara hawajakipima, na kuanzia 1478 masonara wa London walitakiwa kupeleka kazi zao kwenye jengo la chama, Goldsmiths' Hall, zipimwe na kugongwa muhuri huko. Mpaka leo Waingereza huuita muhuri huo kwa jina la ukumbi ule. Wahindi nao, ambao dhahabu kwao ni akiba, mahari na pambo kwa pamoja, walianza mwaka 2021 kulazimisha kazi ya dhahabu igongwe muhuri wa shirika lao la viwango, na kila kipande kina namba yake. Msingi wa mambo yote hayo ni mmoja: anayeuza asiwe ndiye anayejipima.

Dukani kwenu anayefua, anayepima, anayegonga na anayeuza ni familia moja. Sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba ile 21 haikuwa neno la serikali wala la mashine. Ilikuwa neno la baba yako, na tangu ulipopokea funguo ni neno lako.

Na hapa ndipo tunagombana kidogo, mimi na wewe. Barua yako ina kurasa tatu kuhusu bangili nne za bi mkubwa. Halafu kwenye mstari mmoja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unasema kabatini mna vipande sitini hivi vya mkono wa marehemu, stempu ileile, na kwamba wiki iliyopita umeuza viwili. Mwanangu! Hapo nilivua miwani. Baba yako aliuza akijua au asijue, na hilo liko kwa Mola wake. Wewe umeuza viwili ukiwa na karatasi ya mashine kwenye droo. Unaniuliza habari ya jina la baba, na mimi nakuuliza habari ya jina lako, maana tangu siku ile karatasi iliporudi kutoka Dar, kosa likitokea si la marehemu tena.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusu bi mkubwa kabisa. Leo hii kabla ya kufunga duka, toa vipande vyote sitini kabatini. Ukiulizwa, sema vinakwenda kupimwa, kwa sababu ndiyo kweli. Vikirudi, kilicho 21 kirudi mahali pake. Kilicho 18, stempu ya zamani isuguliwe, igongwe 750, kiuzwe kwa bei ya 18. Wale wawili walionunua wiki iliyopita unawajua, uliwaandikia risiti. Wapigie simu.

Nakusikia ukisema, "Nani atanunua 18 Tanga hii?" Wengi. Karati 18 si aibu, binti. Ni ngumu kuliko 21, haipindi upesi, hushika jiwe vizuri, na Ulaya maduka makubwa huuza pete za 18 kwa majivuno. Uingereza hata karati 9, asilimia 37.5 tu, huuzwa dukani ikiitwa dhahabu bila mtu kushtakiwa, kwa sababu imegongwa 375 na mnunuzi kaiona. Kosa ni kuipa 18 jina la dada yake mkubwa, na hapo hakuna ufundi wa kukutetea.

Turudi kwa bi mkubwa. Mlipe kwa ahadi ya stempu: gramu 48, karati 21, bei ya leo, na usikate hata senti ya kuyeyusha. Ami amekubali hapo nusu, kwa hiyo tuko pamoja hadi hapo. Tunapoachana ni kwenye mdomo. Unapomlipa kimya kimya unanunua pia haki yake ya kujua. Unaziyeyusha bangili, ushahidi unaingia motoni, na binti yake ambaye ana mkufu uliotoka duka lilelile anaendelea kuamini kitu ambacho wewe huamini tena. Mama huyu si mtoto. Amezika watu, amelea wajukuu, amepanga foleni hospitalini. Neno lako halitamwangusha.

Usimwambie kaunta, mbele ya watu. Nenda kwake, jioni, na mama yako mzazi kama ataweza. Maneno yawe machache: "Bi mkubwa, bangili alizokufulia baba zimepimwa, mashine inasema ni pungufu ya stempu, kwa dhahabu ya pete mbili. Sijui ilitokeaje. Ninakulipa kama stempu inavyosema, na ukiwa na kitu kingine kutoka kwetu kilete nikipime bure." Kisha nyamaza. Hapo ndipo vijana wengi huharibu. Huanza kueleza, kulia, kumtetea marehemu, mwishowe mteja ndiye anayembembeleza muuzaji. Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki ya hasira ya pete mbili.

Kuhusu ami, nina neno ambalo utalisema kwa adabu, maana ni baba yako huyo. Mmekaa mkeka wa mirathi mkagawana. Wewe umepata nusu yako, mama thumni yake, na ami kwa kuwa ndugu wa marehemu amechukua kilichobaki. Sawa, ndivyo sheria ilivyo. Lakini sheria hiyohiyo inatanguliza deni kabla ya fungu la yeyote. Kama bangili za bi mkubwa ni deni la marehemu, basi lilikuwepo mkekani siku ile, ila hakuna aliyeliona. Mwambie ami kwa sauti ya upole kwamba humwombi afukue jina la kaka yake, unamwomba mchango. Nina hakika hotuba yake kuhusu siri itafupika.

Unaogopa watakuja wote kwa siku moja, mlango uvunjike, duka lifungwe. Hofu hiyo siidharau. Ni pesa yako na chakula cha mama yako. Lakini hakuna aliyekuambia upande kwenye kipaza sauti. Weka kibao kidogo kaunta: dhahabu iliyonunuliwa hapa inapimwa bure. Watakaokuja watakuja mmoja mmoja. Wengi hawatakuja kabisa, kwa sababu bangili ya harusi haiuzwi ila siku ya shida. Anayekuja na kipande pungufu, mwandike daftarini, mkubaliane: fidia ya pesa leo, au kwa awamu. Na akitaka kubadilisha cha zamani kwa kipya, usifanye mabadilishano ya juu kwa juu na nyongeza. Nunua chake kwa pesa, mlipe mkononi, kisha muuzie kipya. Masheikh watakuambia sababu yao, dhahabu kwa dhahabu isizidi wala isicheleweshwe. Mimi nakuongezea yangu: mauzo mawili huacha risiti mbili, na risiti mbili husomeka hata miaka kumi baadaye.

Ami anasema pia kwamba mteja haoni tofauti. Msimulie habari ya Gerald Ratner. Alikuwa na mamia ya maduka ya vito Uingereza, ya bei nafuu, yamejaa watu. Aprili 1991 alisimama Royal Albert Hall mbele ya wakurugenzi wa makampuni akafanya mzaha kuhusu bidhaa zake mwenyewe: hereni zake zina bei chini ya mkate wenye kambamiti ndani, na huenda mkate ukadumu zaidi. Ukumbi ulicheka. Magazeti ya kesho yake hayakucheka. Thamani ya kampuni ilianguka kwa takriban pauni milioni 500, mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaondolewa, na 1993 kampuni ikabadili jina. Hakumwibia mtu, angalia. Bei zilikuwa wazi. Kilichowaudhi wateja ni kujua kwamba nyuma ya kaunta walikuwa wakichekwa.

Na yule kijana uliyemtaja, anayeleta dhahabu ya machimboni usiku kwa bei ya chini, ambaye ami anasema atakufidia hasara yote: hapana. Kununua dhahabu mbichi bila leseni ya Tume ya Madini ni kosa la jinai, na tangu 2019 kumefunguliwa masoko ya madini mahususi ili mchimbaji na mnunuzi wakutane mchana. Lakini hata ukiacha sheria, kumbuka tanzanaiti yetu. Novemba 2001 gazeti la Wall Street Journal la Marekani liliandika kwamba biashara yake inahusishwa na Al-Qaeda. Maduka makubwa ya huko, Tiffany, Zale na QVC, yakasitisha kuiuza. Serikali ya Marekani ilikuja kusema haikuona ushahidi wa madai hayo, na Februari 2002 wafanyabiashara na Tanzania wakakubaliana huko Tucson, Arizona, utaratibu wa kuonyesha jiwe limepita mikono ya nani. Kwa miezi hiyo waliolala njaa walikuwa wachimbaji wa Mirerani, kwa sababu hakukuwa na karatasi ya kumjibu muulizaji. Wewe unataka kujiingiza katika hali hiyo kwa hiari, ili kufidia gramu 6?

Vifaa ulivyoniuliza vya kuendeshea duka ni vichache kuliko unavyodhani. Mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, stika yake ya mwaka huu ionekane. Na mizani hiyo isikae chini ya pangaboi. Nacheka lakini sicheki: mwaka 1998 niliuza mkufu wa mama yangu kwa sonara mmoja, simtaji, feni ikizunguka juu ya vichwa vyetu, namba za mizani zikicheza kama samaki kwenye ndoo. Alisubiri, akasubiri, akaidaka ilipokuwa chini. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na huzuni, sikusema kitu. Mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso. Wewe ambaye baba yako alikufundisha Juzuu Amma unajua kuna sura nzima iliyopewa jina la wapunjao, na haikuandikwa kwa ajili ya wauza mchele peke yao.

Kingine ni risiti. Ya EFD utatoa kwa ajili ya TRA, lakini andika na yako ya mkono: uzito wa dhahabu bila jiwe, karati, ujira wa fundi kando, na masharti ya kuinunua tena. Kama kuna tanzanaiti, andika kwamba imepashwa moto. Karibu zote sokoni zimepashwa, ndivyo hupata ile buluu, na mteja akiambiwa mapema haimuudhi. Mweleze pia asiisafishe kwa mashine ya mtetemo, maana jiwe lile hupasuka. Mwisho, daftari la kununulia chakavu: jina la anayeuza, kitambulisho, tarehe, picha ya kipande. Siku polisi watakapokuja kuulizia mkufu ulioibwa, na katika biashara yako watakuja, utafungua ukurasa badala ya kutetemeka. Mali bila daftari, umalizie mwenyewe.

Usiharakishe kuchonga stempu mpya yenye jina lako, kama unavyotamani. Hiyo iliyopo inatosha, ikigongwa baada ya kupima.

Lakini bi mkubwa asingoje mpaka upimaji wote uishe. Mjukuu ana tarehe ya hospitali. Mpelekee pesa wiki hii, na bangili moja uibakize bila kuyeyushwa. Namba kumi na mbili zikishapatikana niandikie za mgongoni. Bangili zangu tatu nazipeleka kupimwa Jumamosi.